Mateke ya mtindo huru: miguu inafanya kazi kubwa, mwili hauendi

Mkimbiaji wa Masafa anauliza:

Ndugu zangu waogeleaji, salaam.

Naomba mwongozo wa wenye ujuzi kuhusu upigaji wa mateke katika mtindo huru, yaani ule wa kulala kifudifudi na kuvuta mikono kwa kupokezana. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, na hivi sasa ninaweza kuvuka bwawa la mita 25 bila kusimama, ila nikifika ukutani ninakuwa nimeishiwa pumzi kabisa na mapaja yanawaka moto. Mikono inakuwa haijachoka hata kidogo. Miguu ndiyo inayonimaliza.

Linalonishangaza zaidi hutokea ninaposhika kibao cha kuelea na kufanya mazoezi ya miguu peke yake. Ninapiga kwa nguvu zote, maji yanarukia hadi njia ya jirani, lakini mwili unabaki palepale, na mara nyingine nikitazama vigae vya ukutani ninaona kabisa kwamba ninarudi nyuma. Wakati huohuo watoto wadogo wananipita bila haraka yoyote, na miguu yao haionekani kufanya jambo la ajabu. Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu wa miaka mingi, kwa hiyo sioni namna tatizo linavyoweza kuwa udhaifu wa miguu.

Ushauri nilioupata hadi sasa unagongana. Mmoja ameniambia ninyooshe magoti yasijikunje hata kidogo, na mwingine akasema kwamba teke lisilokunja goti ni teke mfu. Mmoja anasema ninunue mapezi ya kuogelea ya kuvaa miguuni, mwingine anasema mapezi yatanidekeza. Ninachotaka kuelewa ni mahali teke linapoanzia, kiasi ambacho goti linapaswa kujikunja, na namna ya kuiweka nyayo. Tena, kwa mtu kama mimi anayetaka hatimaye kuogelea umbali mrefu, je, ni lazima apige miguu mfululizo? Jambo la mwisho ni kwamba kila ninapogeuka kuvuta pumzi ninahisi miguu inaachana na kupanuka, kisha mwili unapoteza mwendo. Sijui kama hilo ni tatizo la mateke au la kupumua.

Natanguliza shukrani.

Kocha wa Alfajiri anajibu:

Ndugu Mkimbiaji, umelieleza tatizo vizuri kwa dalili zake, na dalili hizo, yaani kuishiwa pumzi, kurudi nyuma na miguu kuachana, zinahusiana kwa karibu kuliko zinavyoonekana. Ninafundisha watu wazima, na wakimbiaji pamoja na waendesha baiskeli ndio hasa wanaonijia na malalamiko haya.

Teke la mtindo huru huanzia nyongani. Paja ndilo linalotangulia kushuka, goti linafuata, na wayo unakuja mwisho, kama nywele za usinga zinavyoufuata mkono wa anayeutikisa. Paja linapoanza kushuka, sehemu ya chini ya mguu huwa bado iko juu kwa sababu maji yanaizuia, na hapo goti linakuwa limejikunja kidogo lenyewe; kisha ugoko nao unashuka kwa kasi, mguu unanyooka, na upande wa juu wa wayo unayasukuma maji kuelekea nyuma. Kwa hiyo kila mmoja wa washauri wako alishika kipande cha ukweli. Goti hujikunja, lakini hujikunja kwa sababu umeliachia huru mbele ya shinikizo la maji, na mtu anayelikunja kwa makusudi huwa amekwisha kuharibu teke kabla halijashuka.

Uharibifu wenyewe uko hivi. Mkimbiaji amezoea kulivuta goti mbele ili apige hatua. Akiingia majini, anafanya vilevile: paja linakuja mbele chini ya tumbo, kisigino kinapanda kuelekea makalio, kisha anausukuma mguu chini kana kwamba anakanyaga ardhi. Makocha huliita teke la baiskeli. Paja lililoshuka namna hiyo linakuwa ukuta unaoyapinga maji, na nguvu yote unayoitumia kulirudisha inakwenda katika kupambana na ukinzani uliouleta wewe mwenyewe.

Sasa ongeza wayo. Mguu wa mtu anayekimbia hukaa kwa pembe, vidole vikielekea ugokoni. Ukishusha mguu wa namna hiyo ukiwa umelala kifudifudi majini, upande wa juu wa wayo unatazama mbele, kwa hiyo maji unayoyasukuma yanakwenda mbele, na mwili unajibu kwa kwenda nyuma. Hicho ndicho unachokiona kwenye vigae. Kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyojirudisha nyuma zaidi, na kwa kuwa misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, inakula hewa yako kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuifikia. Hapo umepata jibu la kuishiwa pumzi.

Ninakuomba pia uikumbuke nusu ya pili ya teke, ile ya kupanda, maana wengi huisahau. Mguu hupanda ukiwa umenyooka, na unaoupandisha ni msuli wa makalio pamoja na ule wa nyuma ya paja. Ukipanda kwa kukunja goti, utakuwa umerudi kwenye baiskeli. Kisigino kikikaribia uso wa maji na kuuvunja kidogo tu, inatosha; mguu unaotoka nje ya maji na kurudi kwa kishindo unapiga hewa, na hewa haimsukumi mtu. Upana wa teke, ukipima kutoka wayo mmoja hadi mwingine pale inapoachana zaidi, uwe kama sentimita 30 hadi 40. Watu wazima wengi wanapoambiwa kipimo hicho hushangaa kwamba ni kidogo kiasi hicho.

Kuhusu kibao, ninakushauri ukiweke kando kwa sasa. Mapafu yana hewa, hivyo kifua kinaelea, ilhali miguu ina misuli na mifupa mizito, hivyo inazama. Ukishika kibao mbele na kuinua kichwa ili uone unakokwenda, unakipandisha kifua ambacho tayari kilikuwa juu, na nyonga zinashuka zaidi. Unajifunza kupiga teke ukiwa umelala mshazari, na hivyo sivyo utakavyolala ukiogelea.

Badala yake, anza chali. Lala kwa mgongo, mikono ikiwa ubavuni, masikio ndani ya maji, macho juu, kisha piga miguu polepole. Faida ya mkao huu ni kwamba unavuta pumzi upendavyo na unaweza kujikagua bila msaada wa mtu: tazama magoti yako. Yakichomoza juu ya maji, unaendesha baiskeli. Magoti yakikaa chini ya uso wa maji, na kitu pekee unachokiona ni maji yanayofurukuta juu ya vidole vya miguu, teke linatoka nyongani. Usihamie zoezi lingine mpaka uone hivyo kwa urefu wote wa bwawa.

Ukishaweza, geuka kifudifudi, nyosha mikono yote miwili mbele, uso ndani ya maji ukitazama sakafu, na upige vilevile. Zoezi la tatu ni la wima, katika maji ya kina kirefu, karibu na ukuta wa kushika: kaa wima, mikono umeikunja kifuani, na ujaribu kukiweka kichwa juu ya maji kwa mateke peke yake. Maji ya wima hayakubembelezi. Anayepiga upande mmoja tu, au anayekanyaga, huzama mara moja. Anayepiga madogo na ya haraka, mbele na nyuma kwa nguvu sawa, hukaa juu. Lifanye kwa sekunde chache tu kwa kila awamu, na awepo mtu anayekuona.

Mnyoosha Viungo anajibu:

Kocha ameeleza vizuri, nami ningependa kukaa kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu ninafanya kazi ya tiba ya viungo na ninaamini kwamba kwa mkimbiaji ndipo penye kikwazo kikubwa zaidi.

Mbio zinahitaji kifundo kigumu. Kila hatua unayopiga, kano na misuli inayokishikilia hupokea uzito na kuurudisha, na kifundo kinacholegea kingekuletea majeraha. Baada ya miaka mingi mwili unakuwa umejifunza vizuri kukaza mahali hapo, na tishu za upande wa mbele wa kifundo zinakuwa hazijazoea kunyooka. Kuogelea kunataka kinyume chake. Kwa hiyo usijilaumu. Miguu yako ina nguvu tele, ila imeandaliwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Jipime hivi. Kaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yako, kisha elekeza vidole mbali nawe kadiri uwezavyo bila kukunja goti. Kwa waogeleaji wazuri, upande wa juu wa wayo hukaa karibu katika mstari mmoja na ugoko, na wengine huupita mstari huo hadi vidole vikaribie sakafu. Ukiona wayo wako umesimama kwa pembe kubwa, hapo ndipo mwendo wako unapopotelea.

Zoezi ninaloliamini zaidi ni la kupiga magoti kwenye mkeka au blanketi, upande wa juu wa nyayo ukigusa sakafu, kisha kukaa taratibu juu ya visigino. Wengi wenye vifundo vigumu hawawezi kushuka kabisa mara ya kwanza, na wanaweza kuweka mto kati ya makalio na visigino ili kupunguza uzito. Kaa hapo sekunde 20 hadi 30 ukipumua kwa utulivu, inuka, pumzika, rudia. Mvuto uusikie mbele ya kifundo na juu ya wayo. Ukiusikia gotini, acha. Na mwenye historia ya maumivu ya goti asilifanye kabla ya kuonana na mtaalamu. Fanya kidogo kila siku badala ya kufanya kwa nguvu mara moja kwa juma, na utarajie mabadiliko kwa kuhesabu miezi, kwa sababu kano haziharakishwi.

Kuna kosa moja ambalo watu wenye bidii hulifanya. Wakishaambiwa wanyooshe vidole, wanavinyoosha kwa kuvikaza, na baada ya muda mfupi wanabanwa na misuli kwenye tafu au chini ya wayo. Ndani ya maji wayo haukazwi. Unauachia, na mguu unaposhuka maji yenyewe yanaunyoosha. Unapopanda, maji yanaurudisha. Vidole vielekee ndani kidogo, kiasi kwamba vidole gumba vya miguu yote miwili vinakaribia kugusana vinapopishana. Mzunguko huo mdogo hutoka nyongani na huongeza eneo la wayo linalokabili maji. Endapo utabanwa na misuli, simama, shika ukuta, vuta vidole kuelekea ugokoni mpaka msuli uachie, kisha uupapase polepole kabla ya kuendelea.

Kuhusu mapezi, mimi simo miongoni mwa wanaoyapinga. Mapezi laini ya mpira, yenye urefu wa wastani, hukinyoosha kifundo kwa upole kila unapopiga na kumpa mtu nafasi ya kuhisi jinsi mwili unavyosonga teke likiwa sahihi, jambo ambalo mkimbiaji anaweza kuwa hajawahi kulihisi. Yavae kwa sehemu ndogo ya mazoezi, kisha yavue na urudie zoezi lilelile kwa miguu mitupu hisia ikiwa bado ipo. Anayeyavaa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mazoezi atakuwa amejifunza kuogelea na mapezi tu.

Maji Makuu anajibu:

Ninaogelea masafa marefu katika maji ya wazi, hivyo nitajibu swali lako la idadi ya mateke na lile la miguu kuachana. Yote mawili yana jibu lililo wazi kuliko watu wanavyodhani.

Idadi huhesabiwa kwa mzunguko mmoja wa mikono, yaani mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja umevuta mara moja. Mdundo wa sita una mateke matatu kwa kila mkono, na ndio unaotawala mbio fupi. Wapo waliouweza hata katika mbio za kati: Ian Thorpe wa Australia, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 mtindo huru katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa dakika 3 na sekunde 40.59, alikuwa maarufu kwa mateke yenye nguvu kubwa na kwa nyayo zake kubwa mno. Lakini Thorpe alikuwa na mapafu, vifundo na mazoezi ya tangu utotoni ambayo wewe na mimi hatunayo, na wako mabingwa wengi wa mita 800 na 1500 ambao hutumia mdundo wa mawili kwa sehemu kubwa ya mbio na kuongeza mateke karibu na mwisho.

Mdundo wa mawili maana yake ni teke moja kwa kila mkono. Mkono wa kulia unapoingia majini na kunyooka mbele, mguu wa kushoto ndio unaopiga kushuka. Teke hilo linainua nyonga ya kushoto, mwili unageukia upande wa kulia, na mkono unafika mbele zaidi bila bega kulazimishwa. Kisha upande wa pili. Miguu inakuwa imetulia karibu pamoja kati ya teke na teke. Ukiupata mdundo huu utagundua kwamba teke dogo lililopigwa kwa wakati wake linafanya kazi kubwa, kwa sababu kazi yake ni kuzungusha mwili na kuuweka sawa, na kusukuma kunabaki kuwa jukumu la mikono. Kwa mtu anayelenga umbali, ninaona hapo ndipo pa kuwekeza.

Hata hivyo usiurukie kabla ya mwili wako kulala sawa. Anayepiga mateke mawili huku nyonga zikiwa zimezama huburuta miguu tu.

Kuhusu miguu kuachana unapovuta pumzi, huo huitwa mkasi, na kwa kweli una historia yake. Mwaka 1873 Mwingereza John Trudgen alionyesha Uingereza namna ya kuogelea kwa kuitoa mikono yote miwili juu ya maji, na mtindo uliopewa jina lake ukaja kujulikana kwa mkasi wa miguu. Ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, pale waogeleaji wa Australia, hasa wa ukoo wa Cavill, walipoeneza mateke ya kupanda na kushuka, na mtindo huru tunaoujua ukazaliwa. Kwa hiyo mwili wako unafanya kitu ambacho watu walikifanya kwa miaka mingi wakiamini kwamba ndiyo njia bora, na kiliachwa kwa sababu miguu inapopanuka inasimamisha mwendo uliokwisha kuupata.

Mkasi haurekebishwi miguuni. Miguu hupanuka kwa sababu mwili umepoteza mizani, na miguu inatanuka kuuokoa usipinduke. Angalia mambo mawili. La kwanza ni kichwa: unapovuta pumzi, je, unakigeuza au unakiinua? Kikigeuzwa vizuri, jicho moja linabaki ndani ya maji na mdomo unapata hewa kwenye bonde dogo la maji linalojitengeneza kando ya kichwa. Kikiinuliwa, nyonga zinaanguka na miguu inakimbilia kusaidia. La pili ni mkono uliobaki mbele: wengi huukandamiza chini au kuuvusha hadi mbele ya pua, wakiutegemea wasizame wakati wa kupumua. Mkono huo ubaki umenyooka mbele ya bega lake mpaka uso urudi majini. Na utoe pumzi yote ndani ya maji kabla ya kugeuka, ili juu uvute tu. Anayetoa na kuvuta kwa pamoja hukaa ubavuni muda mrefu kupita kiasi.

Kwa Kocha, kwa heshima, ninatofautiana nawe kidogo kuhusu kibao. Kwa anayeshindana mbio fupi, kibao kina nafasi yake kwa sababu kinampa mzigo wa miguu bila kuhangaika na kupumua. Anaweza kukishika kwenye ncha ya nyuma, mikono imenyooka, na uso ukiwa majini, akaondoa sehemu kubwa ya tatizo ulilolitaja.

Mkimbiaji wa Masafa anaendelea:

Nawashukuru sana wote. Nimekwenda bwawani na kufanya zoezi la chali, na magoti yalichomoza juu ya maji kila teke, hasa la kulia. Nilipojitahidi kuyashusha, nilihisi mara moja kazi ikihamia makalioni, mahali ambapo sikuwa nimepata kuhisi chochote nikiogelea. Kipimo cha sakafuni nacho kimenionyesha kwamba wayo wangu unasimama mbali sana na mstari wa ugoko.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Ninaogelea mara tatu kwa juma, chini ya saa moja kila mara. Niyapangeje mazoezi haya bila kuacha kuogelea kwenyewe? Na katika zoezi la kifudifudi lenye mikono mbele, ninapaswa kubana pumzi au kuna njia nyingine?

Kocha wa Alfajiri anajibu:

Ulichokihisi makalioni ndicho tulichokuwa tunakitafuta, na ninafurahi kwamba umekigundua mapema, kwa sababu wapo wanaohangaika kwa muda mrefu kabla ya kukifikia.

Nianze na pumzi. Usibane. Toa hewa taratibu kupitia puani tangu uso unapoingia majini, na ukihitaji kuvuta, vuta mkono mmoja, geuka ubavuni, pumua, rudi. Mrija wa kupumulia, ule unaokaa mbele ya uso, unasaidia sana hapa kwa sababu kichwa kinatulia kabisa. Ninaomba usifanye kamwe mashindano ya kubana pumzi, wala usihemehe haraka kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu; kufanya hivyo kunaweza kumfanya mtu azirai chini ya maji bila dalili yoyote ya kumtahadharisha, na hata waogeleaji hodari wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

Kuhusu mpango, robo ya muda wako inatosha kwa miguu, na ifanye mwanzoni kabla hujachoka, kwa sababu miguu iliyochoka hurudi kwenye tabia ya zamani. Piga mita 25 mara nne ukiwa chali, ukipumzika mpaka pumzi itulie kila unapofika ukutani. Kisha mita 25 mara nne ukiwa ubavuni: mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umetulia pajani, unapiga mateke sita, unavuta mkono mmoja na kugeukia ubavu wa pili, unapiga mengine sita. Zoezi la ubavuni linafundisha teke, mizani na kupumua kwa pamoja, na ningelazimishwa kumwachia mwanafunzi wangu zoezi moja tu la miguu, ningemwachia hilo. Sehemu iliyobaki ogelea mtindo huru wa kawaida, mita 25 kwa 25 kwanza, ukishughulikia jambo moja tu kwa kila urefu: urefu huu nyonga, unaofuata vifundo vilivyolegea, unaofuata jicho moja majini. Anayejaribu kuyakumbuka yote kwa pamoja hukaza mwili mzima.

Maji Makuu, nimelipokea hoja lako kuhusu kibao. Kwa mwanamashindano ninakubaliana nawe. Kwa mtu ambaye bado anarudi nyuma, msimamo wangu ni uleule.

Kidimbwi anajibu:

Naongeza jambo dogo kwa faida ya wengine watakaosoma. Mnapofanya zoezi la chali na mguu mmoja ukawa mgumu kuliko mwingine, kama alivyosema Mkimbiaji kuhusu goti la kulia, pigeni mguu huo peke yake kwa muda mfupi huku mwingine ukielea. Itaonekana wazi kama shida iko nyongani au kifundoni. Tena sikilizeni sauti: teke linalotoka gotini hupiga kishindo kizito kisicho sawa, na lile linalotoka nyongani hutoa mvumo mfululizo.

Mnyoosha Viungo anajibu:

Ndugu Mkimbiaji, kama goti lako la kulia ndilo linalochomoza zaidi, pima vifundo vyote viwili kila kimoja peke yake, kwa maana inawezekana kabisa kwamba cha kulia ndicho kigumu zaidi na goti linajikunja ili kufidia. Ukikuta tofauti, upe upande huo muda zaidi katika zoezi la kukalia visigino, ila usiuache ule mwingine. Na siku za mbio ndefu, fanya unyooshaji huo baada ya kukimbia na kupumzika, usiufanye kabla, kwa kuwa kifundo kilicholegezwa hakitakutunza barabarani.

Maji Makuu anajibu:

La mwisho kutoka kwangu ni namna ya kujua kama unaendelea mbele. Usitumie kasi yako na kibao kama kipimo, kwa sababu wapo waogeleaji wazuri wa masafa ambao bado ni wa polepole sana kwenye kibao. Hesabu mara unazovuta mikono katika mita 25 na uangalie hali ya pumzi yako unapogusa ukuta. Idadi ikipungua na pumzi ikiwa imetulia kuliko mwanzo, miguu imeacha kukurudisha nyuma, na hapo ndipo uanze kujaribu mdundo wa mawili: urefu mmoja wa bwawa kwa mdundo huo, unaofuata kwa namna uliyoizoea, mpaka mguu wa kushoto uanze kuuitikia mkono wa kulia bila wewe kuufikiria.